Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri Mwenye Dhamana ya Maktaba

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Baada ya kukutakia afya njema wewe, familia yako na wasaidizi wako wote, akiwemo yule atakayeifungua barua hii kabla yako, naomba radhi kwa usumbufu. Najua meza yako ina mambo mazito. Langu ni jepesi: ni rafu moja tu.

Mimi ni mmoja wa wapenda kompyuta wa mjini humu. Mchana natunza hesabu za duka la vipuri. Usiku naandika programu ambazo hakuna aliyeziomba. Wenzangu ni mafundi simu, walimu, na dereva mmoja wa bodaboda anayetushinda sote kwa kuelewa saketi.

Kwanza nitoe shukrani. Katika maktaba ya umma ninayokwenda, vitabu vya kompyuta vimepewa rafu yao na vimetunzwa kwa namna ya kupigiwa mfano. Kile cha Windows 95 bado kina disketi yake kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya jalada, haijaguswa, na muhuri wa shule ya Marekani iliyokitoa msaada unasomeka vizuri kabisa. Vinavyokizunguka vinafundisha kushika mausi. Mheshimiwa, kwa unyenyekevu mkubwa, mausi tumeshaishika.

Tunachokitafuta ni kitabu cha mtu aliyekwisha kuvuka hapo: anayetaka kujua mfumo endeshi unagawaje muda wa prosesa kwa programu zote zinazougombea, au kompaila inageuzaje sentensi aliyoiandika ikawa amri za mashine.

Bila shaka unajua, nami nakukumbusha tu kwa adabu, kwamba vitabu vya aina hiyo havizeeki upesi. Kitabu cha programu ya ofisi hufa toleo jipya likitoka. Juzuu ya kwanza ya The Art of Computer Programming ya Donald Knuth ilitoka 1968 na hadi leo inatafutwa. Kitabu cha Kernighan na Ritchie kuhusu lugha ya C, toleo la pili, ni cha 1988. Hakifiki kurasa 300, na bado ndicho watu wanachoelekezana. Mwaka 1987 Andrew Tanenbaum alichapisha kitabu cha mifumo endeshi pamoja na mfumo wake mdogo, MINIX. Mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alikisoma, akanunua kompyuta, na mwaka 1991 akatoa Linux, ambayo leo ni kiini cha kila simu ya Android, pengine na hiyo ya msaidizi wako. Sisemi rafu yetu itazaa Linux nyingine. Nasema tu kitabu cha kushika mausi hakitamfikisha mtu huko.

Utashauriwa kwamba siku hizi kila kitu kimo mtandaoni. Washauri wako hawajakosea, ila huenda wao hawanunui bando kwa fedha zao. Na video nyingi zinafundisha mwanzo uleule; kila mwalimu anaanza upya, sura ya tisa haifikiki. Somo zito linataka mtu akae nalo, arudi kurasa tatu nyuma, aandike pembeni kwa penseli (si kwenye kitabu cha maktaba, hasha!).

Kuhusu gharama, usipate shida. Vipo ambavyo wenyewe wameviachia. Structure and Interpretation of Computer Programs, kilichozaliwa katika madarasa ya MIT na kutoka mwaka 1985, kina leseni inayoruhusu yeyote kukichapa na kukigawa, mradi awataje waandishi na asiibadili leseni hiyo. Duka lolote la fotokopi litakitoa na kukijalidi kabla ya adhuhuri.

Basi, Mheshimiwa, kabla ya kuagiza kompyuta nyingine za kukata utepe, tunaomba sehemu ndogo ya fungu hilo inunue Knuth, Tanenbaum na hicho cha C, na hicho cha MIT kichapwe nakala mbili. Tena tunaomba viazimwe kwenda nyumbani, kwa sababu maktaba hufungwa kabla hatujatoka kazini. Amana tutaweka.

Wako mtiifu,
Msomaji wa rafu ya nyuma