Ombi la Mkono wa Jezi: Barua ya Wazi kwa Sekretarieti ya CEPGL, Gisenyi

Waheshimiwa majirani,

Sisi huku mtaani tuna neno. Ningeweza kuwaletea kwa miguu, lakini siku hizi jambo lisilozunguka dunia kwanza halisikiki hata kwa jirani. Ndiyo maana naandika hadharani.

Kazi ya kuwasemesha majirani ni yenu. Tarehe 20 Septemba 1976, hapa hapa Gisenyi, Mobutu wa Zaire, Habyarimana wa Rwanda na Micombero wa Burundi waliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL), na makao yake yakawa kando ya Ziwa Kivu. Taasisi zenu ziligawanywa kama nyama ya sherehe: benki Goma, utafiti wa kilimo Gitega, umeme Bukavu. Na umeme si maneno matupu. Mtambo wa Ruzizi II unagawia nchi tatu, na taa haijawahi kuuliza umeme wake umetoka ng'ambo ipi ya mto.

Sasa tazameni mlivyozidiwa ujanja. Mwaka 2018 Rwanda ilibandika jina lake kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, kwa pesa ambazo magazeti yalizitaja kuwa kama pauni milioni 10 kwa mwaka. Ikafuata Paris Saint-Germain mwaka 2019, kisha Bayern München mwaka 2023. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, ng'ambo ya mpaka, makombora yakavuka mpaka na kuua watu huku kwetu. Februari, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akazitaka klabu zote tatu zivunje mikataba na Kigali. Nikadhani Kinshasa inachukia biashara yenyewe. Kumbe! Haikufika Septemba, Kongo nayo ilikuwa na Monaco, AC Milan na Barcelona. Mkataba wa Barcelona peke yake unatajwa kuwa zaidi ya yuro milioni 40 kwa miaka 4.

Watu wa pwani wanaujua mchezo huu tangu zamani. Wake wenza wasiosemeshana hununua kanga zenye mafumbo, kila mmoja akapita nayo mlangoni kwa mwenzake. Lakini kanga angalau huisoma yule aliyekusudiwa. Fumbo letu sisi linasomwa na mtu wa London anayetaka kujua nani kafunga bao.

Halafu kuna Washington, ambako serikali zetu zote mbili zimeajiri mawakala wa kuzisemea. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938, iliyotungwa wakati wa hofu ya propaganda ya Hitler, inawalazimu mawakala hao wajiandikishe, wamtaje mteja na waseme wamelipwa kiasi gani. Kwa hiyo mwananchi wa Gisenyi au wa Goma akitaka kujua nani analipwa kuisifu nchi yake, anafungua tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Ni huduma nzuri sana. Tunawashukuru Wamarekani, maana nyumbani sijui ningeulizia dirisha lipi.

Matunda yameonekana. Mawaziri walitia saini Washington tarehe 27 Juni 2025, na marais tarehe 4 Desemba, Trump akiwa mwenyeji. Haikupita wiki, M23 wakaingia mji mwingine wa Kongo, Uvira. Kinshasa inasema nyuma ya M23 kuna Kigali, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema hivyo pia. Kigali inakana na kuuliza habari za FDLR, waasi wake walioko Kongo. Kila upande una mtu wa kuyaeleza hayo kwa Kiingereza safi, huko mbali. Tumekwisha kupatanishwa Nairobi, Luanda, Doha na Washington. Bado kupatanishwa mahali ambapo ukipiga kelele jirani anasikia.

(Burundi, mwanachama wenu wa tatu, ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Naye sijui atanunua jezi ya nani.)

Wakati huohuo, pale mpakani Petite Barrière, mama mwenye beseni la nyanya kichwani anavuka kwenda Goma, anakopesha mteja wake, anapewa habari za msiba na za harusi, anarudi jioni. Hajaandikishwa kwa sheria ya mwaka wowote. Mpaka ukifungwa analala na nyanya zake. Ukifunguliwa, yeye ndiye wa kwanza kuulizia hali ya wa upande wa pili. Hiyo ndiyo diplomasia ya umma niijuayo, na haina hata bajeti ya chai.

Ombi langu ni dogo. Septemba 2026 mnatimiza miaka 50. Msiende Barcelona. Etincelles FC ya hapa Rubavu nao wana jezi, na jezi ina mikono miwili. Chukueni mkono mmoja, na mwingine mkautafute kwenye timu yoyote ya Goma. Andikeni "Karibu Jirani", kwa Kiswahili, maana pande zote mbili tutasoma bila wakala. Kisha waiteni marais watatu waje kutazama mechi. Viti tutaazima mtaani.

Ni mimi jirani yenu,
Mkazi wa Gisenyi

Nakala: Etincelles FC, Rubavu.