Sifa za Nondo wa Viwavijeshi

Simba wa Serengeti wana wapambe wa kutosha. Mimi namsifu nondo wa kijivu ambaye mabawa yake, hata yakitandazwa, hayafiki sentimita nne: mzazi wa viwavijeshi, ambaye wataalamu humwita Spodoptera exempta.

Hapa Nassa, kati ya Ghuba ya Speke na mbuga za Bariadi, huja usiku kwa upepo, bila nauli wala ugomvi na konda. Pepo za dhoruba zikikutana, yeye na wenzake hushushwa mahali pamoja, mvua za mwanzo zinaponyesha, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Sisi tungali tunabishana kama tupande leo au tungoje.

Watoto wake wakiwa wachache huwa wa kijani, wapole, wamejificha nyasini, hakuna anayewajua. Wakizidi, hugeuka weusi, hupanda juu ya majani mchana kweupe na kuandamana shamba hadi shamba. Nimehudhuria mikutano ya ushirika isiyofikia nusu ya nidhamu hiyo.

Katika mlo ana msimamo: nyasi na jamaa zake, yaani mtama, uwele, mpunga na mahindi. Pamba haigusi. Katika mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, huo si uzalendo? Zao la fedha amemwachia funza wa vitumba. Yeye anachukua ugali tu.

Serikali nayo imemheshimu. Kwa miaka mingi Tengeru, karibu na Arusha, kulikuwa na watumishi wa kumfuatilia yeye: mitego yenye harufu ya jike mikoani, madume wakihesabiwa kama wapiga kura, kisha utabiri ukatolewa. Yupo mkulima aliyewahi kusubiriwa hivyo?

Tangu 2017 kuna kiwavijeshi vamizi, mgeni kutoka mabara ya Amerika, anayejichimbia katika moyo wa mmea wa mahindi na kuzoea kukaa. Habari zote sasa ni zake. Wetu hana makuu. Hula wiki mbili tatu, hujifukia ardhini, akitoka huko ana mabawa, anaondoka. Wafugaji wenye busara huzuia ng'ombe wasikimbilie malisho aliyopita karibuni, maana nyasi hizo zimewahi kuua.

Na palizi hadai ujira. Magugu ya jamii ya nyasi anayamaliza pamoja na mtama, shamba linabaki jeupe, tayari kupandwa upya, kama ghalani bado kuna mbegu.