Barua ya Wazi kwa Tume ya Madini: Ombi la Gauni Kuandikishwa kuwa Madini

Kwa: Mwenyekiti, Tume ya Madini
Nakala: Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), BRELA, halmashauri za Shinyanga, Kahama na Geita, mwenye fremu

YAH: KUINGIZWA KWA GAUNI KATIKA ORODHA YA MADINI YA TANZANIA

Gauni la kitenge, kama linavyoshonwa Kahama, Katoro na Geita mjini, ni yadi kadhaa za kitambaa, bitana, zipu, uzi na saa za fundi. Malighafi yake kuu, pamba, hutoka ardhini. Sheria ya Madini huhesabu dhahabu na almasi kuwa madini, lakini pia mchanga, kokoto na chumvi. Mahali ambapo kokoto ni madini, gauni haliwezi kukataliwa kwa sababu ya kukosa hadhi. Ombi hili linaeleza biashara ya mitindo inavyoanzishwa katika ukanda wa Shinyanga na Geita, na kwa nini ingeendeshwa vizuri zaidi chini ya Tume.

Pamba ya Tanzania karibu yote hulimwa katika ukanda wa magharibi: Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita na mikoa jirani. Hupandwa kuanzia Novemba na soko lake hufunguliwa kuanzia Mei. Mkulima huuza pamba mbegu. Kiwandani huchambuliwa, takriban theluthi moja ikatoka kama pamba nyuzi, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu ziendazo kukamuliwa mafuta. Pamba nyuzi hufungwa marobota na kupelekwa bandarini Dar es Salaam, na nyingi huuzwa nje kabla ya kusokotwa. Hurudi baada ya muda ikiwa kitenge kutoka China au India, au ikiwa imekwishavaliwa na mtu mwingine kabisa, ndani ya robota la mitumba. Lori linaloshuka na marobota ya pamba na lori linalopanda na marobota ya mitumba hupishana mahali fulani karibu na Singida, bila hata kupigiana honi.

Tume inalifahamu tatizo la namna hii kuliko ofisi nyingine yoyote. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia ya dhahabu na shaba kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, yote wilayani Kahama, yasisafirishwe nje kabla ya kuchenjuliwa. Makontena 277 yalizuiwa bandarini, kamati mbili zikaundwa, moja chini ya Profesa Mruma na nyingine chini ya Profesa Osoro, na nchi nzima ikajifunza neno makinikia kwa wiki chache. Marobota ya pamba nyuzi yaliendelea kupita bandari hiyohiyo kwa amani. Laiti pamba ingekuwa madini, kamati ya tatu ingefungua marobota na kukuta ndani yake mashati, madera na sare za shule za nchi nzima, yote yakiwa bado hayajachenjuliwa.

Uchenjuaji huo uliwahi kujaribiwa. Viwanda vya nguo vya MWATEX, Mwanza, na MUTEX, Musoma, vilijengwa jirani na shamba ili pamba isisafiri mbali. Havikuvuka salama kuingia zama za soko huria. Tangu hapo mjasiriamali wa mitindo wa Shinyanga, aliyezungukwa na pamba pande zote, hupanda basi kwenda Kariakoo kutafuta kitambaa.

Mteja wa ukanda huu ana tabia yake. Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, oda za nguo huenda na hali ya duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo. Duara likitema, mchimbaji huagiza suti, gauni la mama watoto, na sare za kamati nzima ya harusi, vyote viwe tayari Jumamosi. Duara likikauka, nguo iliyokwisha kushonwa hubaki imening'inia ukutani miezi mitatu ikiwa imelipiwa kishika uchumba tu, na fundi hawezi kuiuza kwa mwingine kwa kuwa ilikatwa kwa kiuno cha mtu mmoja. Ndiyo maana daftari la madeni katika fremu ya ushonaji ya Katoro hufanana sana na taarifa ya jiolojia: limejaa mali iliyothibitishwa kuwapo ambayo bado haijachimbwa.

Biashara yenyewe huanza na jina. Jina husajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao, na ada si kubwa. Hufuata namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure, kisha uthibitisho wa masuala ya kodi, kisha leseni ya biashara kutoka halmashauri. Baada ya hapo huja watu wa taka, wa zimamoto na wa bango, na akiajiriwa msaidizi mmoja, OSHA, NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao huwa na haki ya kufahamishwa. Kila ofisi ina hoja ya msingi. Cherehani huweza kumchoma mtu kidole, pasi huweza kuunguza mtaa. Kasoro ni kwamba kila mmoja huja siku yake, na siku hiyo mteja wa harusi huwa amekaa kwenye benchi akisubiri zipu.

Fremu inastahili maelezo marefu kidogo, maana hapo ndipo mtaji wa kwanza huishia. Mwenye fremu hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi kabla hata cherehani haijashushwa kwenye bajaji, na katika barabara yenye watu huongeza kilemba, malipo yasiyo na risiti wala maelezo. Sheria inamtaka mpangaji wa biashara akate asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji ni mjumbe tu. Lakini mwenye nyumba hujibu kwamba bei yake ni ileile na habari za TRA ni za mpangaji, na anayepanga huwa hana pa kwenda. Hivyo pango la shilingi 100,000 hugeuka 110,000. Mkataba nao una ushuru wa stempu. Tangu 2021 kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kwenye LUKU, kwa hiyo yule anayenunua umeme wa ovaloki huanza kwa kumlipia mwenye nyumba kodi ya nyumba yake. Sheria inaruhusu wawili hao wahesabiane baadaye. Mpangaji aliyewahi kuuanzisha mjadala huo na bado yumo ndani ya fremu hiyo angefaa kupelekwa makumbusho.

Kuhusu kodi ya mapato, mfanyabiashara mdogo hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi 7 asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5 huyo wa pili hulipa 30,000. Hapa sheria inastahili sifa, kwa kuwa ni nadra daftari la shilingi 1,000 kumwokolea mtu 70,000.

Tatizo liko juu zaidi. Chukua fundi anayeshona nguo 400 kwa mwaka kwa vitambaa vya wateja, ujira 10,000 kwa nguo. Mauzo yake ni milioni 4 na hadaiwi kitu. Mwaka unaofuata anaamua kuwa mbunifu: ananunua vitenge mwenyewe, anabuni mishono yake, anatundika magauni yaliyo tayari na kuyauza kwa 45,000, huku kitambaa na vikorokoro vikimgharimu 35,000. Kinachobaki mkononi ni kilekile, milioni 4. Mauzo yake sasa ni milioni 18. Ameingia ngazi ya juu kabisa ya jedwali, anadaiwa zaidi ya 500,000, na anatakiwa awe na mashine ya risiti ya EFD. Hakupata hata shilingi moja zaidi ya mwaka jana. Alichoongeza ni mtaji, hatari na jina la mtindo. Ni vigumu kubuni njia ya upole zaidi ya kumshauri fundi abaki fundi, na inaelekea hakuna aliyekusudia kumshauri hivyo.

Mikopo ipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana hukopeshwa wakiwa katika vikundi, na utaratibu ulisimamishwa 2023 kabla ya kurejeshwa 2024. Gauni hukatwa na mkasi mmoja, na kikundi kikishika mkasi kwa pamoja matokeo huonekana kwenye mshono.

Ushindani wa mitumba ulikaribia kwisha. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nafuu ya ushuru ya AGOA katika soko la Marekani ikatajwa, na Tanzania ikarudi nyuma pamoja na Kenya na Uganda. Rwanda ilibaki na msimamo, na 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Ndiyo maana gauni jipya la Kahama bado linabishana bei na gauni lililovaliwa mara mbili huko Ulaya. Kwa upande wa madini hakuna nchi inayoiletea Geita dhahabu iliyokwisha kuvaliwa ili imharibie soko mchimbaji.

Sasa linganisho lenyewe. Machi 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa Geita, la kwanza la aina yake nchini, na Kahama ikapata lake. Muuzaji huingia na mzigo wake mlango mmoja. Dhahabu huyeyushwa, hupimwa uzito na ubora, bei hufuata soko la dunia, na mrabaha wa asilimia 6 kwa kawaida, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na makato mengine hukatwa hapohapo. Muuzaji hubaki na chake na kutoka mlango uleule. Maofisa wako ndani ya jengo wakimsubiri yeye. Mzigo ukikosa kupatikana mwezi huo, hakuna anayefuata mrabaha wa dhahabu ambayo haijatoka. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania na hudumu miaka 7. Leseni ya duka la magauni hudumu miezi 12. Shimo, kwa maneno mengine, linaaminiwa mara saba kuliko cherehani.

Kwa hiyo Tume inaombwa iliandikishe gauni kuwa madini, daraja la vito, na ifungue soko la magauni Kahama na Geita ambamo BRELA, TRA, halmashauri na zimamoto watakaa meza zinazofuatana chini ya paa moja. Mwombaji anafahamu kwamba mabadiliko ya sheria ya 2017 yanaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Kwa gauni, kiasi hicho hukaribia mikono miwili. Kwa bahati nzuri sharti hilo haliwagusi wachimbaji wadogo, kwa hiyo mikono itabaki. Kanuni za 2018 zinazoitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania zitumike pia kwa ovaroli, na zabuni igawanywe vipande ambavyo fremu yenye cherehani mbili pale Nyankumbu, Geita, inaweza kuvimaliza, badala ya kutangazwa kwa maelfu na kulipwa baada ya miezi.

Pamoja na barua hii imewasilishwa sampuli moja kwa ajili ya vipimo: gauni la kitenge, bitana kamili, zipu ya mgongoni, limeshonwa Katoro. Wapimaji wanaombwa wasiliyeyushe. Linatakiwa kurudi kabla ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwenyewe ana send-off na amebakiza shilingi 20,000.