Vista Mpiga Hodi

Wengine husifia wafalme, wengine biriani. Mimi sifa zangu nazitoa kwa Windows Vista, mfumo endeshi ulioingia madukani tarehe 30 Januari 2007 na kuanza kusemwa kabla jua halijatua. Microsoft ilikoma kumhudumia Aprili 2017, na matangani sikumwona mtu. Basi naomba nimlilie mimi.

Alikuwa mzuri wa sura. Madirisha yake yalikuwa ya kioo, hata ukisoma barua ukaiona hesabu ya madeni ikichungulia kwa nyuma. Alikuwa mtulivu pia: ukimwomba anakili mafaili machache, hukaa kwanza akakadiria muda uliobaki, na kabla hajamaliza kukadiria chai imeshaiva. Lakini hayo ni madogo. Vista alikuwa na adabu.

Mtu aliyelelewa havuki kizingiti cha watu bila hodi. Vista naye alibisha. Ukitaka kuweka programu mpya, skrini nzima hufifia, dirisha dogo hujitokeza katikati: hodi, naomba ruhusa. Ukitaka kurekebisha saa: hodi. Ukitaka kufuta kijipicha cha programu uliyoichoka, hodi. Unamkaribisha, hodi tena. Hodi ya kiungwana ni tatu, usipoitikiwa unakwenda zako. Vista hakwenda popote. Ni mfumo gani mwingine uliomheshimu mwenye nyumba hata ukambishia hodi akiwa ameketi sebuleni mwake, funguo zote kiunoni?

Mtangulizi wake, XP, hakuwa na malezi hayo. Watumiaji wengi walikaa humo na mamlaka yote, na kirusi kikiingia kilirithi mamlaka hayohayo. Kwa hiyo wataalamu wa usalama waliozipenda hodi za Vista walikuwa na haki, nasema hili bila mzaha. Tatizo ni kwamba hodi ikizidi haisikiki. Kidole hujifunza kubonyeza "endelea" chenyewe, na mwizi naye huambiwa karibu. Apple ilipata tangazo la bure: mwaka 2007 ilimweka mlinzi mwenye suti nyeusi nyuma ya jamaa aliyeigiza kompyuta ya Windows, akiuliza kwa kila neno kama aruhusu au akatae.

Kisha Aprili 2008, mkutanoni San Francisco, meneja mmoja wa Microsoft, David Cross, alieleza kwamba hodi zile ziliwekwa ili kuwakera watumiaji. Akaongeza kuwa hatanii. Mpango ulikuwa wateja wachukie, wawasumbue watengenezaji wa programu, nao wajifunze kuandika programu zisizodai mamlaka ya bure. Hapa sifa zinanikwama kooni. Mtu katoa pesa zake kununua kompyuta, kumbe kageuzwa kiboko cha kuwachapia watu asiowajua! Na mshahara hana.

Haya, turudi kwenye adabu. Mwaka 2006, Vista akiwa bado tumboni, kompyuta mpya zilibandikwa stika ya kuthibitisha kwamba zinamweza. Nyingine zilimweza kwa toleo la chini tu, lile lisilo na kioo. Wateja wakaenda mahakamani Seattle, na barua pepe za ndani zikaanikwa. Mike Nash, makamu wa rais katika Microsoft hiyohiyo, alilalamika kwamba kompyuta yake ya dola 2,100 imebaki kuwa mashine ya kusomea barua pepe. Meneja mwingine, John Kalkman, aliandika kwamba sharti la kupewa stika lilipunguzwa ili kuisaidia Intel, yenye chipu za 915 za kuuza, kufikia mapato yake ya robo mwaka. Siku sharti hilo linapunguzwa, skrini ya mtu haikufifia. Hakuna dirisha lililochomoza kuuliza, bwana mkubwa, una hakika?

Waliohojiwa ni wateja. Katikati ya mwaka 2008 Microsoft iliwaita watu waliomsema Vista vibaya bila kumtumia, ikawaonyesha mfumo "mpya" uitwao Mojave. Wakaupenda. Wakaambiwa: huyu ndiye Vista. Likawa tangazo. Nina jamaa yangu wa namna hiyo. Nikilalamikia programu yoyote hunijibu, "Hujaizoea tu," kisha huchukua kipanya mkononi mwangu anionyeshe. Kweli, wapo waliomtukana Vista kwa kusikia, na wenye mashine zenye nguvu walikaa naye kwa amani wakishangaa kelele zinatoka wapi. Lakini Mojave ilionyeshwa na mtu wa kampuni, kwenye mashine iliyoandaliwa. Hakuna aliyepewa aende nayo nyumbani akapambane na printa ya zamani.

Wakati huohuo leseni ya toleo la Business au Ultimate ilimpa mteja haki ya kumtoa Vista na kumrudisha XP. Wengi walifanya hivyo, na katika hesabu za mauzo wakaandikwa kuwa wamenunua Vista.