Jinsi ya Kumjengea Mwanasesere Nyumba ya Kisasa Ukambani

Hongera, mzazi wa Kitui au Makueni. Mwalimu aliomba kijumba cha maboksi tu, lakini wewe hukutaka mwanao aaibike mbele ya watoto wa jirani. Ukaagiza Nairobi nyumba ya mwanasesere ya kuunganisha: vibao vilivyokatwa na mashine, madirisha ya plastiki, kichupa cha gundi, na kijitabu cha maelezo kilichojaa mishale bila neno hata moja. Tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze madarasani mwaka 2019, wazazi wa Kenya wamesoma sana. Sasa shika msasa. Kazi ya mtoto ni kukumulikia tochi.

Hatua ya 1: Hesabu vipande

Fungulia boksi ndani ya nyumba. Ukilifungulia uani, mbuzi atakula maelezo yote kabla hujafika ukurasa wa pili.

Panga vibao kwa namba zake. Utaona sehemu ya kuotea moto sebuleni, yenye faida kubwa kwa mkazi wa Kibwezi mwezi wa Februari. Utaona gereji ya magari mawili na bwawa la kuogelea la karatasi ya buluu. Gata usizitafute, wala tangi. Hazikusahauliwa, aliyebuni nyumba hii anaishi mahali ambapo maji hutoka ukutani.

Wenzetu wana mazoea hayo tangu zamani. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyobuniwa na Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924, ina mabomba yanayotoa maji ya moto na baridi, na vyoo vya kuvuta. Imewekwa katika Kasri la Windsor, nchini Uingereza. Kwa hiyo wapo wanasesere wenye maji ya bomba kwa karne nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanga foleni ya mitungi kwenye kioski.

Hatua ya 2: Rangi kwanza, gundi baadaye

Paka kuta zikiwa bado zimelala mezani, kwa sababu ukishaunganisha, brashi haitafika kwenye pembe. Kingo za vibao hivi vya MDF hunywa rangi bila kushiba. Zipake kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ziache zikauke, kisha pitisha msasa laini. Paka pande zote mbili za kibao, la sivyo kitapinda. Fanya kazi hii alfajiri au jioni. Saa saba mchana rangi ya maji itakauka ukiwa bado unachovya brashi.

Maelezo yatakuelekeza kwenye nyeupe na kijivu, rangi za kisasa. Tii. Kisha paka sehemu ya chini ya kuta kahawia iliyokolea, kwa sababu vumbi jekundu litafanya hivyo hivyo, tena bila kufuata mstari.

Hatua ya 3: Unganisha

Jaribu viungo vyote bila gundi kwanza. Kisichoingia, kipige msasa, usikipige nyundo. Funga kuta kwa mipira mpaka gundi ishike.

Ukiona haya, ni haki yako. Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ujuzi wa kuchonga, na vinyago vya Wakamba vikauzwa duniani kote. Wewe mjukuu wake umenunua mbao zilizokwisha chongwa, na bado ukuta umekaa upande.

Hatua ya 4: Paa

Nyumba ya kisasa huficha paa lake nyuma ya ukuta, kana kwamba mabati ni aibu ya familia. Mtoto atakuuliza, "Mwaitu, huyu atateka maji wapi?" Usimkemee. Pasua mirija ya soda kwa urefu, uibandike kama gata, uielekeze kwenye kopo.

Hapa hesabu zinapendeza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 5 likinyeshewa milimita 20 linatoa lita 1,000 hivi, kwa hiyo tangi la lita 10,000 linangoja mvua kumi za namna hiyo. Sasa gawanya kila kipimo cha nyumba kwa 12, kama ilivyo kawaida ya nyumba hizi. Paa linatoa lita 7, na tangi linabeba chini ya lita 6. Linafurika kwa mvua moja! Mvua haipunguzwi kwa vipimo vya fundi, ndiyo maana mwanasesere ndiye mkazi pekee wa Ukambani anayemaliza tatizo la maji alasiri moja.

Usithibitishe hesabu hii kwa mvua halisi. MDF ikilowa huvimba kama mandazi.

Hatua ya 5: Bwawa la kuogelea

Ng'oa karatasi ya buluu. Jaza mchanga wa mtoni, mwaga maji, kisha jenga kizuizi cha vijiwe upande wa chini. Sasa una bwawa la mchanga kama yale ya mito ya Kitui: maji hujificha kati ya chembe, jua lisiyafikie kirahisi. Mgeni akiuliza wanasesere wanaogelea wapi, mpe kijiko achimbe.

Hatua ya 6: Kabidhi kazi

Mfundishe mtoto kusema "tulijenga", kwa wingi. Mwalimu ataandika "Kuzidisha matarajio", nawe utajua anayesifiwa ni nani.

Na ile gata ya nyumba yako mwenyewe, iliyoning'inia upande mmoja tangu El Niño ya 2023? Hiyo haina alama shuleni. Iache ingoje.