Sifa za Ndago

Waridi lina wengi wanaolisifu, na asmini haijawahi kukosa mshairi. Ndago haina mtu. Mtaalamu wa magugu LeRoy Holm na wenzake walipotoa kitabu chao cha mwaka 1977 juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, waliipa namba moja, na sijasikia aliyekata rufaa kwa niaba yake. Basi niruhusuni.

Nianze na nasaba, maana ndago si mtoto wa barabarani. Ni ya ukoo mmoja na mafunjo, ambayo Wamisri wa kale waliyatengenezea karatasi, na huko India vifundo vyake vya chini ya ardhi hutolewa mafuta ya manukato. Pamoja na ukuu huo haina majivuno: Masaki ya matajiri inaota, Mbagala ya wenzangu na mimi inaota. Ukinunua lori la udongo mweusi ili bustani ipendeze, udongo unaulipia, ndago unapewa nyongeza. Ukitandaza plastiki kuizuia, inaitoboa kwa ncha yake ili ije kukusalimia. Ua gani la dukani lina mapenzi ya namna hiyo?

Lakini sifa yake kubwa ni kutufundisha kubana matumizi. Majani yakirefuka, mwenye nyumba humwita kijana mwenye fyekeo. Kijana anafyeka, analipwa, anaondoka, uwanja unameremeta. Siku chache tu, ndago hiyo imesimama wima, kijani kibichi, kana kwamba ilipelekwa kwa kinyozi. Kijana anaitwa tena. Kwa hisani ya ndago kijana amepata ajira ya kudumu, na mwenye nyumba amepata hesabu ya kupiga. Hesabu hiyo ndiyo inayomtoa kibarazani siku moja na kumshikisha jembe.

Hapo ndipo masomo yanapoanza. Anayevuta kwa hasira hubaki na majani mkononi, huku chini uzi unaounganisha vifundo umekatika na vile vilivyokuwa vimelala vimeamka. Alivuta mche mmoja, atavuna kadhaa. Mwanafunzi msikivu husubiri mvua ilainishe ardhi, kisha huchimba shubiri moja, maana vifundo vingi havizidi hapo, akaufuata uzi kwa vidole mpaka mwisho. Mavuno huanikwa juu ya saruji kwenye jua kali hadi yakauke kabisa. Shimo la mboji ni mwiko: huko ndago hunenepa. (Wapo wanaolipa ukumbi wa mazoezi kila mwezi ili wainame na kuinuka mbele ya kioo. Ndago haidai ada.)

Haki inanitaka nitaje na udhaifu wake: haivumilii kivuli. Palipochimbwa pakifunikwa upesi na matembele, inadhoofika. Marando huombwa kwa jirani bure, na mboga inapatikana hatua chache kutoka jikoni, mahali ambapo ukoka wa kununua ungekuwa unadai maji na kufyekwa. Nani alikusukuma kwenye faida hiyo kama si ndago?

Basi mvua ikinyesha wiki hii, usimpigie simu kijana wa fyekeo. Toka na jembe mwenyewe. Na siku ukiagiza udongo, kabla dereva hajamwaga, mwambie asubiri uchekeche ndoo moja kwanza.