Si cha Mjukuu, ni Changu

"Shikamoo mzee," binti wa duka la vitabu alinisalimia, nikajua mambo yameshaharibika. Nina miaka 47. Nikaitikia marahaba kwa uchungu, kisha nikasema shida yangu: nataka kitabu cha Krismasi.

"Mjukuu ana miaka mingapi?"

"Ni changu mwenyewe."

Akanitazama kama mtu aliyeomba nepi za saizi yake.

Mke wangu ni wa Marangu. Wachaga kila Desemba huwa kama wako chini ya Kaisari Augusto: lazima kila mtu akahesabiwe kwao. Basi na mimi, mtoto wa Tanga niliyezoea kula sikukuu karibu na bahari, napakiwa na mizigo kutoka Dar kwenda Kilimanjaro, zaidi ya kilometa 500. Nauli imepanda, njia ya kati ya basi imejaa ndoo na vifurushi, na filamu ni ileile ya mwaka jana. Mtu anahitaji kitabu. Na kwa kuwa ni Krismasi, kiwe cha Krismasi. Hilo nalo ni ombi la kihuni?

Rafu aliyonionyesha binti ilifika usawa wa magoti yangu. Huko kulikuwa na kulungu mwenye pua nyekundu, na Baba Krismasi, na theluji, theluji, theluji. Mtoto wa Mbagala anasomewa habari za theluji huku fulana imemgandia mgongoni kwa jasho! Nikapandisha macho kwenye rafu za wakubwa: namna ya kutajirika, namna ya kuombea ndoa, namna ya kufuga kuku wa mayai. Inaelekea ukishatimiza miaka 18, kazi yako katika Krismasi ni kulipa tu.

Nikahamia kwa muuza vitabu vya mtumba mitaa ya Posta. Huyu aliniita bosi, akanirudishia ujana wangu. Akachomoa A Christmas Carol cha Charles Dickens. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipokifungua: toleo la wanafunzi, limefupishwa, lina picha na maswali ya ufahamu mwishoni. Dickens wa watu! Kitabu kilitoka tarehe 19 Desemba 1843, nakala 6,000 za kwanza zikaisha kabla ya sikukuu, na walionunua hawakuwa watoto. Kinasimulia habari za bahili, madeni, na karani wa mshahara mdogo anayebembeleza ruhusa ya siku moja kwa mwaka. Utoto uko wapi hapo? Hiyo ni ofisi yetu, imekosa mizimu tu.

Iceland, mkesha wa Krismasi watu hupeana vitabu, wakaenda kusoma. Kwetu, ukimpa mtu mzima kitabu siku hiyo, anakitikisa kwanza kuona kama ndani kuna noti.

Nilikuwa nimeshakata tamaa pale muuzaji alipovuta kitabu kutoka chini ya rundo, jalada limeng'oka: Hercule Poirot's Christmas, cha Agatha Christie, cha mwaka 1938.

"Ila bosi, hiki kina maiti."

"Kifunge."

Kabla basi halijafika Segera nilishaanza kutetemeka. Mzee Simeon Lee, tajiri wa kutupwa, anawaita watoto wake wote nyumbani Krismasi, hata wale waliosusana. Wakishakusanyika, anaanza kuwachokonoa kwa habari za wosia. Mkesha wa Krismasi anakutwa chumbani amekatwa koo.

Nikafunga kitabu. Hii ni Uingereza au Marangu? Maana kule tuendako kuna kihamba cha migomba na kahawa. Kuna shemeji yangu wa kati, ambaye mila haimkumbuki kwenye urithi kama inavyomkumbuka kifungua mimba na kitinda mimba. Kuna mbege ya kulegeza ndimi, na kikao cha ukoo tarehe 26. Riwaya iko tayari, kilichobaki ni mtu wa kuiandika. Bwana Msa, kachero wetu tangu Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, angepata kazi ya wiki nzima. Ila yeye ni wa Unguja. Nani atampandisha basi Desemba?

Baba mkwe, mwalimu mstaafu, alinikuta nasoma chini ya mgomba.

"Mkwe, hicho kinahusu nini?"

"Mzee mmoja, baba. Kaita watoto wake wote Krismasi."

"Safi sana. Halafu?"

"Halafu... wanakula, baba."

Akanyoosha mkono. Mwalimu hanyimwi kitabu. Usiku ule taa ya chumbani kwake haikuzimwa.

Tarehe 26 ndafu ilipoletwa, shemeji wa kati aliinuka kuikata, kama kila mwaka. Mzee akasema kaa, leo nakata mwenyewe. Akakata, akagawa, akafuta kisu kwa leso taratibu, akakitia mfuko wa ndani wa koti. Kikao cha kihamba kikasogezwa hadi Pasaka.

Kitabu changu sijarudishiwa. Mama mkwe anasema kimeazimwa na mzee jirani, naye ana watoto saba.